Watoto Kumi na Mmoja wa Darasa la Nne

Tarehe 9 Januari

Kasuku, mdogo wangu,

Simu yangu huipokei, na ukiipokea una kikao. Barua haina kikao, kwa hiyo hii utaisoma.

Shule zimefunguliwa Jumatatu. Nimeingia darasa la nne na chaki zangu, nikaita majina, na safu nzima ya mbele haikuitika. Si utoro. Wamehamia Vioo. Ndivyo mtaa unavyoiita ile shule mpya ng'ambo ya barabara, kwa sababu ya madirisha yake. Sisi siku hizi tunaitwa Vumbi, na hilo halihitaji ufafanuzi.

Mlangoni kwa mwalimu mkuu umebandikwa waraka. Kila mzazi sasa ana haki ya kumpeleka mtoto shule yoyote anayoitaka, iwe yetu au hizi za watu binafsi zinazolipwa na serikali kwa kila jina la mtoto. Halafu Ijumaa ya mwisho ya Februari wakaguzi watapita kuhesabu vichwa. Shule itakayokutwa na watoto chini ya mia na themanini itafungwa. Nimeusoma mpaka chini, nikakutana na sahihi yako, ile yenye mkia mrefu niliyokuwa nikikugombeza kwayo tangu unajifunza kushika kalamu.

Sisi tupo mia na sabini na wawili.

Katika kikao cha walimu nilisimama nikasema mengi, mpaka mwalimu wa sayansi akanivuta gauni nikae. Nikasema huu si mpango wa kuchagua, ni mpango wa kuchuja. Mwalimu mkuu akauliza, "Huyu aliyetia sahihi si ndugu yako?" Nikasema ni ndugu yangu, ndiyo.

Swali langu ni moja tu. Wakati unatia sahihi, ulijua tupo wangapi?

Dada yako

*

Tarehe 19 Januari

Dada,

Shikamoo. Nimeipata barua yako na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa.

Nilijua. Kila shule ipo kwenye jedwali, na mimi ndiye ninayelijaza hilo jedwali. Sikukuambia kwa sababu ungeniomba kitu, na ungeniomba kitu ningeshindwa kukataa.

Lakini nisikilize na mimi. Unakumbuka mama alivyokwenda mara tatu kwa yule mkuu wa shule ya mjini kutuombea nafasi? Mara tatu akaambiwa sisi si wa mtaa ule. Alirudi na viatu mkononi. Tukabaki kwa yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa akisinzia mpaka kengele imwamshe. Mimi nimejua kugawanya kwa sababu yako wewe, pale jikoni, wala si kwa sababu ya shule. Waraka huu, Dada, ningependa mama angekuwa nao mkononi siku ile. Niliuandika nikimfikiria yeye.

Sisemi shule yenu ni mbaya. Nasema kama ni nzuri, wazazi watabaki.

Ushauri wangu wa udugu: omba uhamisho mapema, kabla ya Februari. Watakaosubiri watapangiwa popote. Na usiwe na wasiwasi kuhusu siku ya kuhesabu. Huko kwenu sitakuja mimi.

Wifi yako anakusalimu.

Kasuku

*

Tarehe 11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi nisalimie, na mwambie nguo alizonitumia zimefika salama.

Uhamisho siombi. Nina miaka ishirini na mitatu kwenye chumba hiki. Najua ni ubao gani wa sakafu unaolia na ni dirisha lipi mvua huingilia. Sasa nikueleze jambo ambalo jedwali lako halina.

Watoto wanarudi.

Alianza binti wa dobi, yule mama anayefua nguo za wageni kwenye nyumba ya kulala wageni. Huyu binti ana akili, Kasuku. Hesabu anaziona kabla sijamaliza kuziandika. Ila ana kigugumizi, na neno likikwama hukaa kimya na kufumba macho mpaka litoke. Wenzake wanamwita Polepole, na si kwa ubaya. Vioo walimpokea kwa matokeo yake ya darasa la tatu. Walipoona anavyosoma kwa sauti wakamwita mama yake wakamwambia, kwa adabu zote, kwamba shule yao "huenda haimfai mtoto wako." Mwaka huu darasa la nne lina mtihani wa taifa, na kusoma kwa sauti kuna alama zake. Mtoto atakayeshusha wastani wao hawana haja naye.

Baada yake akaja wa pili, ambaye haoni vizuri ubaoni. Kisha mapacha wa fundi viatu. Leo wamefika kumi na mmoja, wote wa darasa langu. Wanakaa wanne wanne kwenye dawati la watatu.

Hesabu unaijua: mia na sabini na wawili, jumlisha kumi na moja. Shule inapona.

Tatizo ni barua za uhamisho. Vioo hawazitoi. Ukiuliza unaambiwa watoto hao "wapo nyumbani kwa muda." Majina yao bado yapo kwao, mwili upo kwangu. Nimekwenda pale getini mara nne. Mara ya nne mlinzi aliniita shangazi akanionea huruma.

Nyinyi mnasema mzazi anachagua shule. Njoo uone nani anachagua nani.

Amuru watoe hizo barua. Au niambie niwaandike kwenye daftari langu la mahudhurio bila barua. Ninangoja.

Dada yako

*

Tarehe 17 Februari

Dada,

Utaratibu unasema jina haliingii kwenye daftari bila barua ya uhamisho. Nikiamuru shule moja itoe barua kwa sababu ya ombi la dada yangu, kesho sina kazi, na waraka wenyewe utachekwa. Peleka malalamiko kwa njia ya mwalimu mkuu. Yatashughulikiwa ndani ya siku sitini.

Najua sitini ni nyingi.

Tafadhali usiniulize tena jambo hili kwa maandishi. Na kuna mabadiliko: nimepangiwa shule yenu. Nitakuja na mkaguzi mwenzangu. Tukikutana pale, mimi ni mkaguzi na wewe ni mwalimu wa darasa la nne. Naomba unielewe.

K.

*

Tarehe 3 Machi

Bwana Mkaguzi,

Nimekuelewa, kama ulivyoomba.

Uliingia darasani kwangu saa nne na robo. Watoto walisimama wakakuamkia, na wewe ukawaambia wakae bila kunitazama. Ulivaa koti la marehemu baba. Ukachukua daftari langu, ukahesabu majina, ukahesabu vichwa, ukahesabu tena. Majina arobaini na tisa. Vichwa thelathini na nane. Ukauliza, "Hawa kumi na mmoja wako wapi, Mwalimu?"

Nikasema, "Jana walikuwepo. Kesho watakuwepo. Leo sijui."

Mwenzako akacheka, akasema kila shule aliyopita tangu asubuhi imemwambia hivyo hivyo. Nawe ukatoa kalamu ukaandika pembeni, kwa mwandiko niliokufundisha mimi, maneno mawili: wanafunzi hewa. Ukaandika mbele ya watoto wanaojua kusoma. Mmoja akayasoma kwa sauti.

Ningeweza kuvumilia kama ungeandika kwa hasira. Uliandika kama mtu anayeandika orodha ya sokoni.

Tupo mia na sabini na wawili. Mmefanikiwa.

Mwalimu wa darasa la nne

*

Tarehe 6 Machi

Dada,

Unanilaumu mimi? Nilikuandikia kwa herufi zinazosomeka: jina haliingii bila barua. Ukawaingiza kumi na mmoja, kwa wino, tena ukiwa unajua mimi ndiye nitakayelifungua daftari. Ulitaka nifanye nini? Mwenzangu alikuwa amesimama begani kwangu. Anajua sisi ni ndugu, ofisi nzima inajua, na walikuwa wakingoja waone kama nitakuficha.

Na si hilo tu. Siku ileile, saa ileile, timu nyingine ilikuwa Vioo. Nimeiona fomu yao. Watoto wako kumi na mmoja walikuwepo pale, wamevaa sare, wamekaa kwenye madawati yao, wameitika majina yao. Wamehesabiwa. Hata huyo binti wa dobi ameandikwa: yupo.

Kwa hiyo hawakurudi kwako kamwe. Ulibuni hadithi, ukanipa mpaka macho yanayofumba na mapacha wa fundi viatu, na mimi nusura niamini. Nilikaa siku mbili nikitafuta namna ya kuwasaidia watoto ambao hawakuhitaji msaada.

Barua ya kukusimamisha kazi imetoka jana. Sikuitia sahihi mimi. Nilikataa. Hilo ndilo pekee nililoweza kufanya.

Umewahi kunidanganya kabla ya hapo?

Kasuku

*

Tarehe 14 Machi

Kasuku,

Barua ya kusimamishwa imefika. Nipo nyumbani siku ya tano. Nimeosha mapazia yote, nimeyarudisha, nimeyashusha nikayaosha tena. Jirani ameniuliza kama nina mgeni anayekuja.

Ngoja nikupe kilichotokea, uamini au usiamini, kwa sababu mimi mwenyewe nimekijua Jumamosi iliyopita.

Binti wa dobi alikuja na mama yake. Mama akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeitwa polisi. Mtoto ndiye aliyesema, na ilimchukua muda. Alhamisi ile, siku moja kabla ya kuhesabiwa, gari la Vioo lilipita nyumba kwa nyumba. Wazazi wakaambiwa, "Mleteni kesho na sare yake, tunamfikiria upya." Nyumba kumi na moja. Wote wakapeleka. Watoto wakakaa kwenye madawati, wakaitika, wakapewa maziwa. Saa saba mchana wakarudishwa nyumbani. Jumatatu mama akampeleka tena, mlinzi akamwambia jina halipo kwenye orodha ya getini.

Mama wa watu akalia. "Mwalimu, nilidhani wamemtaka," akasema. "Ningejua wanamtaka kwa siku moja nisingempigia pasi ile sare."

Sikuwa na uso wa kumlaumu, na sasa nitakwambia kwa nini.

Umeniuliza kama nimewahi kukudanganya. Kukudanganya, hapana. Kukuficha, ndiyo. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja, mama huyu alinijia na fomu ya Vioo. Hajui kusoma sana. Akaniuliza, "Angekuwa wako, ungemwacha hapa?" Nikatazama dirisha langu linaloingiza mvua. Nikatazama watoto arobaini na chumba cha vitabu kisicho na vitabu. Nikasema, "Angekuwa wangu ningempeleka." Na fomu nikaijaza mimi, kwa mkono wangu, nikampa na bahasha.

Halafu Januari nikasimama kikaoni nikahubiri dhidi ya wanaohama. Hakuna anayejua. Wewe ndiye wa kwanza.

Kwa hiyo sikuandikii kama mtu msafi. Mama yetu nami ninamkumbuka na viatu vyake mkononi. Haki ya kuchagua si kitu kibaya, na nilipomjazia mama huyu ile fomu nilijua hivyo. Kibaya ni kwamba mlango waliopewa wazazi una kitasa upande mmoja tu.

Na majina niliyaandika, ndiyo, nikijua ni wewe utakayekuja. Daftari la mahudhurio ni ushahidi, Kasuku. Nimekaa na watoto wale wiki mbili, nimewasahihishia madaftari, nimemshika mmoja paji la uso akiwa na homa. Nisingeweza kuita majina asubuhi nikaruka kumi na moja kama hawapumui.

Sikuombi unirudishe kazini. Nakuomba kitu kimoja: nenda ukahesabu siku isiyo ya kuhesabu.

Dada yako

*

Tarehe 26 Machi

Dada,

Shikamoo.

Nilikwenda Jumanne. Sikumuaga mtu ofisini, nilisema nakwenda kwa daktari wa meno.

Vioo nilifika saa tatu. Mlinzi alipoona kitambulisho changu alikimbia mbele yangu, nami nikaongeza mwendo. Darasa la nne lina madawati mazuri, ya mtu mmoja mmoja. Nikahesabu. Kumi na moja matupu. Nikamuuliza mwalimu, kijana tu, akasema, "Hao wapo nyumbani kwa muda." Nikauliza tangu lini. Akatazama mlango kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tangu mwanzoni mwa Februari, mzee. Isipokuwa siku ile."

Mkurugenzi wao akanikuta koridoni. Mtu mpole sana. Akaagiza chai, akaniambia shule yake inasifika, kwamba waraka wangu ndio ulioiwezesha, na kwamba itakuwa aibu kwa mwandishi wa waraka kuuharibia jina kwa jambo dogo la makaratasi. Chai sikuinywa.

Nikavuka barabara.

Darasa lako amelichukua mwalimu mkuu pamoja na la tano, chumba kimoja. Kumi na mmoja walikuwepo, Dada. Nikawaita mmoja mmoja nikiwa na ile fomu ya Vioo mkononi. Mapacha wa fundi viatu walicheka kwa pamoja. Nikafika kwa binti wa dobi, nikamwambia ataje jina lake.

Akafumba macho.

Unajua mimi nilivyo, mtu akichelewa namalizia sentensi yake. Jina lake nilikuwa nalo mbele yangu limeandikwa. Darasani hakuna aliyemsaidia wala kumcheka, na nikaelewa kwamba hilo wamefundishwa. Nikangoja. Sijui dakika ngapi. Akalitaja lote, lake na la baba yake na la babu yake, akafumbua macho akanitazama kama anayeniuliza: sasa je, nipo?

Nikamwambia, "Upo. Nimekuandika."

Nimeandika ripoti ya pili. Mkubwa wangu aliisoma akaifunga. Akaniambia, "Ripoti ya pili ikiwa kweli, ya kwanza ni uongo, na zote zina sahihi moja. Unataka nimwamini yupi kati yako?" Nikamwambia amwamini huyu wa sasa, yule wa kwanza alikuwa anaogopa.

Na mimi nina la kukuungamia. Nilikuandikia kwamba nimepangiwa shule yenu. Sikupangiwa. Niliomba mwenyewe. Nilidhani nikiwa pale nitakukinga. Nilipoona yale majina na mwenzangu begani, nikajikinga mimi. Lile neno nililoliandika pembeni, nimelikata mstari mmoja na kutia sahihi juu yake. Lakini linasomeka bado, na watoto wako wameshalisoma.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niambie pia.

Kasuku

*

Tarehe 20 Aprili

Dada,

Hujajibu. Nakupa habari hata hivyo, kwa sababu utazisikia vibaya kwa wengine.

Kamati iliyopewa ripoti yangu ya pili imekaa siku mbili. Shule yenu imehesabiwa upya: mia na themanini na watatu. Haifungwi. Vioo wamepewa onyo la maandishi, basi. Hakuna aliyefukuzwa.

Kuhusu wewe nilisema yote, hata yale niliyojua hayatakusaidia. Wamekubali watoto ni wa kweli. Lakini wamesema jina liliingia bila barua, na kosa ni kosa. Unarudishwa kazini, ila si pale. Nilipinga mpaka nikaambiwa nitoke nje.

Mimi nimeondolewa ukaguzi. Nipo stoo ya vitabu, chini ya ngazi. Kuna maboksi ya vitabu vya darasa la nne yaliyokaa hapa tangu mwaka juzi. Hakuna aliyeyaomba kwa fomu sahihi.

Kasuku

*

Tarehe 11 Mei

Mdogo wangu Kasuku,

Marahaba, na ile ya Machi nayo, marahaba. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika kama mwalimu anayesahihisha, nikachana. Hasira haikuwa imeisha. Bado haijaisha yote. Nakusamehe na iliyobaki nitaimalizia njiani.

Siku ya kuaga Vumbi nilisema kikaoni habari ya ile fomu niliyoijaza. Nilidhani watanizomea. Mwalimu wa sayansi akainua mkono akasema yeye amejaza tatu.

Baada ya onyo, Vioo waliwaita wale kumi na mmoja, safari hii kweli kweli. Wanne wamekwenda, na hesabu ya mwaka huu imeshapita. Siwalaumu, dirisha bado linaingiza mvua. Dobi alifuatwa mpaka kwenye kamba zake za nguo. Alimjibu bibi aliyetumwa na Vioo bila kuacha kuanika: "Mwanangu si sanduku la kwenda na kurudi." Binti amebaki. Mwalimu mkuu aliniambia kwa simu kwamba juzi alisoma ukurasa mzima, akakwama mara sita, akaumaliza.

Nilivunjika moyo siku ya kuondoka, sitakuficha tena. Nilitoka kwa mlango wa nyuma ili watoto wasinione.

Hapa nilipoletwa ni mwisho wa njia ya gari. Shule ni moja. Hakuna ng'ambo ya barabara, na kwa miguu shule nyingine ni mwendo wa siku. Nimebandika ule waraka wako wa haki ya kuchagua mlangoni, kama sheria inavyotaka. Baba mmoja aliusoma wote kwa makini, akaniuliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, tuchague kati ya hii na ipi?"

Ningependa wewe umjibu, ana kwa ana, na yeye apate muda wa kukuuliza la pili.

Nina watoto sitini na mmoja. Madawati ishirini, saba yamevunjika miguu, mbao bado ni nzima. Vitabu vya darasa la nne hatuna hata kimoja. Hii hapa ni barua rasmi ya kuomba vile vilivyo chini ya ngazi, na nimeigonga muhuri wa shule ili usinisumbue na fomu.

Vilete mwenyewe. Siku zako za likizo zipo, nakujua hujawahi kuzichukua. Usije na koti la baba, litachafuka. Njoo na nyundo.

Dada yako